Kamongo Katika Bwawa la Bukoto

Asubuhi niliyoacha kazi ya kuosha glasi kule Kabalagala, mjini Kampala, sikuwa nimegombana na mtu. Niliamka, nikakunja shuka langu, nikalitia mfukoni pamoja na shati la pili na kisu changu, nikamwambia mlinzi wa baa, "Natoka kidogo." Sikurudi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na tangu nilipoacha shule darasa la sita nilikuwa nimeondoka namna hiyo mara nyingi: nyumbani kwetu kando ya ziwa upande wa Kenya, kisha Busia, kisha Mbale, kisha Jinja. Watu huniuliza ninakimbia nini. Sikimbii kitu. Nikishajua mahali panavyoendeshwa, nani anafungua mapema, maji yanatoka wapi na takataka zinakwenda wapi, miguu huanza kuniwasha.

Nilishuka hadi soko la Nakivubo kwa sababu barabara inateremkia huko. Kwenye vibanda vya vitenge nikamwona mama mmoja amekumbatia mfuko wa maji. Ulikuwa mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, mkubwa kama mto wa kulalia, umefungwa juu kwa mpira, na ndani yake samaki wekundu wanane waliogeuka wote pamoja kila alipogeuka yeye. Alikuwa akiwasukuma wapagazi kwa kiwiko, na wapagazi wa Nakivubo si watu wa kusukumwa.

"Mama, hao ni wa kula?" nikamuuliza.

Alinitazama kuanzia viatuni. "Ukikula hizi utabaki na njaa, na utabaki na zambi."

"Wanatoka wapi?"

"Kwa mutu moja anahama nyumba."

"Sasa humo ndani wanapumua vipi?"

"Weye unauliza sana. Beba basi, utaona."

Nikabeba. Makondakta wa teksi walikataa maji, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu hadi Bukoto, kupitia Kamwokya. Yeye alitembea kando yangu akiufunika mfuko kwa kitenge upande wa jua. Kila tulipopata kivuli tulisimama, na haikuwa kwa ajili yetu sisi. Njiani nikajua kwamba alitoka Bukavu, kwamba anauza vitenge pale pale nilipomkuta, kwamba hana mume na hataki kuulizwa, na kwamba samaki hawapendi mtu anayetembea kama askari.

Nyuma ya nyumba aliyopanga kulikuwa na shimo la wakati wa vita. Waliokaa hapo zamani walilichimba ili wajifiche risasi zilipopita juu ya mabati, na vita vilipokwisha likawa jalala. Mama huyu alipofika, miaka kadhaa baadaye, alitoa ndani yake chupa, mifupa ya ng'ombe, matairi na fremu ya kitanda, akaweka sakafu ya udongo wa mfinyanzi na kuukanyaga kwa miguu yake mwenyewe hadi ukashika, kisha akaiacha mvua imalizie. Nilipoliona lilikuwa bwawa la hatua kumi kwa sita, maji yake ya kijani, na samaki wekundu na wa madoadoa wakipita chini ya majani ya yungiyungi.

Nilitaka kuumwaga mfuko pale pale. Akanishika mkono.

"Weka yote juu ya maji, usifungue. Nusu saa. Maji ya ndani ikamate baridi ya inje. Weye ukitoka kitandani, batu bakumwagie maji ya baridi, utapenda?"

Nusu saa ile nilimuuliza maswali mpaka akaacha kujibu. Jioni alinionyesha stoo iliyokuwa na magunia, akaniambia nikiweza kuliangalia bwawa mchana wakati yeye yuko sokoni, magunia yatasogezwa. Yalisogezwa.

*

Sikujua kwamba kuna chama. Nilidhani ni yeye peke yake mwenye wazimu huu. Lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi alinivalisha shati lililopigwa pasi, akanipeleka nyumba ya tatu kutoka kwetu, na pale nikakuta watu kumi na wanne wamesimama kuzunguka bwawa la mwenzao kama watu wanaosubiri bibi harusi atoke.

Walikuwa watu wa kila namna wanaopatikana Bukoto. Mwenyekiti alikuwa Mkenya, mhasibu katika kampuni ya malori, mtu wa tai hata Jumapili. Mkubwa wa mambo yote, ingawa hakuwa na cheo chochote, alikuwa Muganda mmoja aliyestaafu upolisi. Kila mtu alimwita Afande, hata mke wake. Kiswahili chake alikipata kambini na hakukiongezea kitu tangu hapo. Waliobaki walikuwa Wakongomani, Wakenya na Waganda, wengi wenye matangi ya plastiki au mashimo yaliyopigwa saruji, mmoja mwenye sinki la kuogea lililozikwa ardhini, naye ndiye aliyejisifu kuliko wote.

Mkutano ulianza saa tisa, maana Wakatoliki hutoka kanisani mapema na walokole hutoka Mungu akipenda. Hakuna aliyesifu bwawa kabla ya glasi. Glasi ilikuwa mali ya chama, glasi nene ya bia yenye mkono, na mwenye nyumba aliichovya mwenyewe katikati ya bwawa, akaiinua juani. Wote walikaribia kutazama. Maji yakiwa meupe, walisikitika kimyakimya. Maji ya kijani kama chai ya mchaichai yalipata makofi. "Maji ya meupe ni maji maskini," Afande aliniambia. "Samaki nakaa ndani kama mfungwa. Hapana chakula, hapana kivuli."

Kulikuwa na desturi nyingine. Mtu anayeingia chamani, au anayepewa bwawa kulitunza, huleta mmea kwa mkono wake mwenyewe. Mmea huo huja na udongo wake wa asili, bila kuoshwa.

"Hapana osha mizizi," Afande alisema akininyoshea kidole. "Mti naosha, nafika mahali hapana jua mtu. Nakufa na ukiwa. Lakini nakuja na udongo yake, nafikiri iko nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia, Afande."

"Sema ndiyo."

"Ndiyo, Afande."

Mimi sifanyi jambo nusu. Wengine walileta yungiyungi moja ndani ya kopo. Mimi nilishuka hadi kwenye bwawa la mafunjo chini ya mji, kule ambako mfereji mkubwa unapotelea kuelekea ziwani. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na ukingo ulikuwa umekauka na kupasuka. Nikachagua kichaka kizuri cha mafunjo, nikakichimba na bonge la udongo lililonishinda kulikumbatia, nikalitia kwenye karai, nikalibeba kichwani hadi Bukoto. Shingo iliniuma wiki nzima. Tulilishusha kwenye kona ya bwawa kwa kamba, watu wanne, kama tunazika. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona mche mkubwa hivyo kwenye chama. Afande alilibonyeza bonge kwa kidole, akanusa, akasema, "Kale," yaani sawa kwa Kiluganda. "Huyu iko mtu." Siku hiyo nililala nikijiona mwenye nyumba.

*

Samaki walianza kupungua miezi minne baadaye.

Mafunjo yalikuwa yameshika na kuzidi kimo changu. Asubuhi nilipowalisha chenga za mkate nilizoea kuwahesabu, maana kuhesabu samaki ni mchezo mzuri kwa mtu asiye na haraka, na walikuwa arobaini na wawili. Wakawa thelathini na tisa. Wakawa thelathini na tatu. Hakukuwa na samaki aliyekufa akaelea, wala gamba lililoachwa kando. Walikuwa wanaondoka tu, wadogo kwanza.

Bwawa letu lilikuwa limepangiwa kupokea chama mwezi uliofuata. Kwa hiyo kila mtu alikuja kutusaidia kumtafuta mwizi, na kila mtu alikuja na mwizi wake.

Mama alimshuku paka wa jirani. Mwenyekiti alisema ni kaloli, yale madege marefu yenye upara yanayosimama juu ya nguzo za taa yakingoja takataka. Nikatandaza nyuzi za nailoni juu ya bwawa, huku na huku, mpaka likafanana na kitanda cha kamba. Samaki wakaendelea kupungua.

"Ndege hapana," Afande alisema. "Paka hapana. Ni mtu. Mimi nakamata wezi miaka mingi, sijakamata paka hata moja."

Akaniambia nimwage jivu kuzunguka bwawa lote ili tupate nyayo. Nikamwaga. Asubuhi ya tatu aliniita kwa sauti ya kambini. Alikuwa ameinama, anapima kwa shubiri alama ya kiatu kikubwa chenye kisigino kilicholika upande mmoja.

"Ona. Mtu mzito. Nachechemea kidogo mguu ya kushoto."

Mama alitoka na kikombe chake, akatazama alama, akatazama miguu ya Afande. "Afande, nyanyua kiatu."

Afande alinyanyua. Akakaa amekinyanyua kwa muda. Kisha akasema, "Mimi napita hapa jana kuangalia jivu," akaenda nyumbani kunywa chai.

Walipobaki kumi na tisa niliamua kulikausha bwawa lote. Nilivuta maji kwa mpira siku nzima, nikawatoa samaki kwenye mabeseni, nikaingia matopeni hadi magotini, nikapapasa kila mahali. Sikukuta kitu. Tope la chini sikulitoa. Chama kinaamini, na mpaka leo nakubaliana nacho, kwamba tope la zamani ndilo roho ya bwawa, na anayelikomba anaanza upya kama mtu aliyezaliwa jana. Nikajaza maji ya mvua kutoka kwenye mapipa, kila mwanachama akaleta ndoo moja ya maji yake ya kijani, nikawarudisha samaki.

Baada ya siku nne walikuwa kumi na mmoja.

Siku hiyo Mama alirudi kutoka sokoni mapema. Nyuma yake lilikuja lori dogo. Lilimwaga mbele ya geti rundo la kifusi, matofali yaliyovunjika na vipande vya plasta yenye rangi ya waridi kutoka kwenye ukuta wa mtu. Nilimuuliza ni cha nini. Alikaa kwenye kiti kifupi nje ya jiko, akavua viatu.

"Sikia. Kila kitu nimeanza hapa Kampala ni ya kuuzisha. Vitenge ya kuuzisha, chumvi ya kuuzisha, hata cherehani nilinunua, nikauzisha. Hii bwawa peke yake njo sikuanza juu ya kuuzisha. Nilichimba na hii mikono, nikitoa mifupa. Sasa inanicheka." Aliifuta miguu yake. "Batu bakuje Jumapili baone maji ya bure? Sawa, baone. Jumatatu nafukia."

"Mama, nipe mpaka Jumapili."

"Nimekupa mwezi muzima."

"Nipe siku sita."

"Siku sita hata Mungu alifanya kazi," akasema. "Fanya."

*

Nilifanya kile ambacho wote hatukuwa tumekifanya, kwa sababu kila mmoja wetu alikwishajua mwizi ni nani: nilikaa. Niligeuza ndoo, nikaikalia karibu na mafunjo, nikatazama maji kutoka kunakucha hadi jua kuwa kali, nikala mihogo hapo hapo, nikatazama tena. Siku ya kwanza nilijifunza kwamba samaki wenye madoadoa ndio waoga zaidi. Siku ya pili nilijifunza kwamba hakuna samaki hata mmoja anayekwenda upande wa mafunjo. Kona nzuri kuliko zote, yenye kivuli na wadudu, na wote waliizunguka kwa mbali kama watoto wanaokwepa nyumba ya mwalimu.

Alhamisi, baada ya mvua ya saa nane, maji yalitulia. Nikasikia mtu akivuta pumzi. Ilikuwa pumzi nzito, ya mzee anapokaa chini baada ya kazi. Niligeuka nikidhani ni Afande. Hapakuwa na mtu. Nilipoangalia tena maji nikaona pua butu ya kijivu ikitoka katikati ya mashina ya mafunjo, na macho mawili madogo kama punje za ulezi. Mdomo ukafunguka, ukameza hewa, ukazama. Pete moja ya maji ilinifikia miguuni.

Nilikulia kando ya ziwa. Najua samaki mmoja tu anayekuja juu kupumua kama sisi. Ni kamongo, mrefu na mviringo kama mkono wa mtu mnene, na maji yakikauka yeye hujizika kwenye tope na kulala, hata miezi, mpaka mvua irudi. Ukilikausha bwawa ili umpate, unamwandalia kitanda. Nilipokuwa nikipapasa matopeni, nikijisifu kwa uangalifu wangu, yeye alikuwa amelala chini ya mizizi, akinisubiri nimalize.

Kisha nikaelewa sehemu ya pili, ile iliyonifanya ninyanyuke kutoka kwenye ndoo. Bwawa la Mama lilichimbwa mlimani. Halina mto wala mfereji unaoingia. Kamongo hakuja kwa miguu. Alikuja kichwani mwangu, amejizika katika bonge la udongo wa kiangazi, kutoka chini ya mji hadi Bukoto. Nilimleta akiwa mdogo, amelala, nikampa nyumba yenye chakula kinachoogelea.

Nitasema ukweli: nilifikiria kunyamaza. Ningeweza kumtoa kimya, nikamtupa mferejini, na nikapewa sifa za kuokoa bwawa. Wazo hilo lilikaa nami kwa muda wa chai moja. Lakini mimi nimeishi kwa kuuliza watu wanionyeshe jinsi vitu vyao vinavyofanya kazi, na mtu wa namna hiyo akianza kuficha anachokijua, hana tena cha kubadilishana.

Mama alipoingia getini nikamwambia, kabla hajatua mzigo.

"Mwizi nimempata. Ni kamongo. Na nilimleta mimi, ndani ya udongo wa mafunjo."

Alinitazama. Akavua ndara moja, akanirushia. Ilinipata begani. Akavua ya pili, akaipima mkononi, kisha akaanza kucheka mpaka akashikilia ukuta.

"Mwizi ni weye! Nalalisha mwizi ndani ya stoo yangu, namupikia fufu! Na Afande anapima kiatu!"

"Utafukia?"

Kicheko kiliisha. Aliangalia rundo la kifusi. "Mutoe kwanza. Nione sura yake."

*

Nilimtumia Afande ujumbe kwamba mwizi amepatikana, naye akaja na mkuki wa babu yake, amevaa koti lake la zamani la kazi. Nilipomwambia ni samaki gani, alisimama. Akaulaza mkuki ukutani taratibu, akavua kofia.

"Huyu hapana ua," alisema.

"Afande, ulikuja na mukuki," Mama alimkumbusha.

"Mimi nakuja kwa mwizi. Hapana kwa ndugu." Akageuka kwangu, maana mimi ndiye mgeni wa mambo ya kwao. "Ukoo yangu ni ya huyu samaki. Mimi hapana kula yeye, baba yangu hapana kula, watoto yangu hapana kula. Mtu naua yeye mbele yangu, naua ndugu yangu."

"Ndugu yako amekula samaki yangu makumi tatu na tatu!"

"Nyabo, mama yangu, yeye ilikuwa mgeni. Mgeni nakula."

"Mgeni anakula mwenye nyumba?"

Afande alifikiri. "Huyu ilikuwa na njaa kidogo," akakubali.

Tukapatana kwamba atoke akiwa hai. Kamongo hashikwi kwa mkono, taya zake zinaweza kukuachia vidole vinne. Nyumbani kwetu wazee wanatumia mgono, kikapu chenye mdomo unaoingia ndani ili samaki apite asiweze kurudi. Nilikata mafunjo yale yale, nikayachana, nikasuka mgono Ijumaa nzima huku Afande akinielekeza jambo asilolijua. Ndani nikaweka matumbo ya kuku. Jumamosi asubuhi mgono ulikuwa mzito na unatikisika. Tukammimina kwenye pipa la bluu lenye maji nusu. Urefu wake ulipita mkono wangu. Mama alimgusa kwa mwiko, na yeye akaukata mwiko vipande viwili.

"Eeh," Mama akasema, akiangalia kijiti kilichobaki mkononi. "Huyu ni polisi kweli."

Jumapili chama kilikuja. Wanachama walipita kando ya kifusi bila kuuliza, lakini niliwaona wanavyotazamana. Mama alivaa kitenge kipya. Alichovya glasi mwenyewe, akaiinua, na maji yalikuwa ya kijani kizuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye glasi ile. Walipiga makofi. Kisha mwenyekiti akasafisha koo.

"Mama, maji ni mazuri. Sasa samaki nao je?"

Samaki tisa walipita wakati huohuo, kana kwamba wameitwa. Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliweka glasi chini. Alinitazama mimi.

Nikasimama mbele ya watu wale wote, nikaeleza kila kitu: kiangazi, bonge la udongo, karai, tope, pumzi. Nilipomaliza, mwenyekiti aliifungua tai kidogo.

"Ngojeni basi. Huyu kijana hajavunja sheria. Amefuata sheria. Ni sisi tuliomwambia asioshe mizizi. Kwa hiyo kosa ni la sheria."

Wote walimgeukia Afande, kwa sababu sheria ile ilikuwa yake. Yeye alikuwa amekaa karibu na pipa, mkono mmoja juu ya ukingo wake. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

"Sheria hapana kosa," alisema. "Sheria ilikuwa mfupi. Naongeza. Udongo nakuja, nakaa kwanza ndani ya karai na maji, siku saba, mtu naangalia. Kama iko mtu ndani, natoka. Naandika hiyo."

Ikaandikwa. Na baada ya hapo mkutano uliharibika kabisa, kwa namna nzuri, kwa sababu watu wote walilivamia pipa. Waliokuwa na tai na waliokuwa na vilemba, wote walitaka kumsikia akipumua. Walisubiri wamenyamaza, vichwa vimeinamishwa, na alipokuja juu na kuvuta ile pumzi yake ya mzee, walipiga kelele kama timu imefunga bao. Mwenye sinki la kuogea aliomba apewe. Akanyimwa kwa kura zote.

Niliona Mama amesimama peke yake kando ya bwawa, akitazama watu wake wamejazana uani. Kisha akamwita mwenyekiti.

"Kesho ule mutu wa koleo niliita juu ya kufukia anakuja. Mwambie amwage ile kifusi njiani, kutoka geti mupaka hapa. Mukikuja na viatu ya kanisa munakanyaga matope sana."

Mwanamke mmoja wa Goma alisema ana samaki wawili wenye madoadoa waliomzidi. Mwingine akasema watatu. Mama aliwazuia. "Hapana kuniletea kila mutu na yake kama msiba." Akaninyoshea kidole. "Huyu ndiye alileta mwizi. Ampeleke mwizi kwao, kisha aniletee bana ba samaki. Makumi tatu na tatu. Hata moja isipungue."

*

Afande alitaka ndugu yake apelekwe kwenye maji makubwa, si kwenye mfereji wa mji. Jumanne nilifunga pipa nyuma ya pikapu ya mkaa iliyokuwa ikirudi tupu ziwani, nikakaa kando yake na mfuko wangu wenye shuka, nikilishika kila barabara ilipopiga kona. Afande alitusindikiza hadi barabarani. Alisema maneno machache ya Kiluganda ndani ya pipa, kisha akapiga saluti. Sijui alimpigia nani kati yetu wawili.

Dereva alinishusha kwenye mwalo mdogo wa wavuvi ambao sikuwahi kusikia jina lake. Wanawake walikuwa wakipara samaki kwenye meza za mbao, na mmoja wao alipoinua kifuniko cha pipa kisu chake kilikuwa tayari.

"Huyu ni bei gani?"

"Hauzwi. Ana ndugu polisi."

Walicheka, lakini walinipisha. Niliingia majini hadi kiunoni mahali penye matete, nikalilaza pipa. Kamongo alikaa humo ndani kwa muda, akasogea mbele shubiri moja, akasimama, kisha hakuwepo tena. Maji yalikuwa mazito na sikuona alikokwenda.

Nilipotoka nikikamua suruali nikaona, juu kidogo ya matete, mabwawa yamechimbwa kwa mstari, saba, kila moja na mlango wake wa mbao wa kuingiza maji. Mwanamume mnene mwenye mabuti ya mpira alikuwa akitembea juu ya kingo, akirusha pumba kwa kiganja. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini maji ya bwawa la kwanza ni ya kijani na ya la nne ni ya kahawia. Alinijibu. Nikamuuliza anajuaje jike. Alinijibu. Kwenye bwawa la sita alisimama.

"Sebo, bwana, wewe umetumwa na serikali?"

"Nimetumwa na mama mmoja wa Bukoto. Nataka wadogo thelathini na watatu, wekundu na wa madoadoa."

"Wale wa mapambo wako, lakini wadogo sana. Wiki tatu bado." Alinitazama miguu iliyojaa matope. "Na pesa unayo?"

"Nina mikono. Najua kusuka mgono, najua kukausha bwawa, na najua kitu kimoja kuhusu udongo ambacho kitakuokoa samaki wengi."

"Kitu gani?"

"Hicho nitakuambia wiki ya tatu."

Alicheka kwa tumbo lake lote. Kisha akanipeleka nyuma ya mabwawa kwenye chumba cha mabati kilichokuwa na kitanda cha mbao, nyavu zilizoviringishwa hadi darini na dirisha lisilo na kioo. Akazitupa nyavu kwenye kona kwa mguu.

"Siku mbili wewe mgeni," alisema. "Ya tatu, jembe liko pale nje."

Nikamwambia sina haja ya hizo siku mbili. Nikatandaza shuka langu kitandani, nikatoka kuliangalia lile jembe kama mpini wake ni mzima.